Kadi ya grafiki haijachoka, inasubiri kazi

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina kompyuta niliyoiunga mwenyewe: prosesa Ryzen 5 3600, madabodi ya B450, RAM ya DDR4 GB 16 kijiti kimoja, kadi ya GTX 1060 ya GB 6 na pawasaplai ya wati 500. Nimenunua skrini ya 165Hz, yaani inayoweza kuonyesha picha 165 kwa sekunde. Gemu ya Counter-Strike 2 inanipa fremu 90 hadi 110 kwa sekunde, na mapambano yakichanganya inashuka mpaka 60, hata nikiweka mipangilio yote chini. Kadi inaonyesha kutumika asilimia 60 tu, nadhani imechoka. Nimejiwekea akiba ya kununua kadi mpya, RTX 5060. Itanifikisha fremu 165? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Hiyo akiba usiiguse kwanza. Jibu umeliandika mwenyewe ndani ya swali: kadi inatumika asilimia 60. Kadi iliyoelemewa huonyesha 95 na kuendelea. Yako ina nguvu inayobaki, ila haipelekewi kazi haraka vya kutosha.

Kila fremu, yaani kila picha moja ya mchezo, hupita mikono miwili. Prosesa hupiga hesabu za nani yuko wapi na risasi imempata nani, kisha huandaa amri za kuchora. Kadi ndiyo inayochora. Ni kama watu wawili jikoni, mmoja anasukuma chapati, mwingine anachoma. Anayesukuma akiwa mzito, hata ulete jiko kubwa kiasi gani, chapati zitatoka kwa mwendo uleule. Na muda wenyewe ni mfinyu: kwa fremu 60, kila fremu ina milisekunde 16.7 za kuandaliwa. Kwa fremu 165 inabaki na milisekunde 6 tu.

Hakikisha kabla ya kutoa hata shilingi. Shusha resolusheni hadi 1280 kwa 720 na ucheze ramani ileile. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo kikwazo. Zikibaki palepale, tatizo ni prosesa au RAM, nami natarajia utaona hivyo. Usidanganyike ukiona prosesa nayo inatumika asilimia 45 tu. Hiyo 3600 ina viini 6 na nyuzi 12, na gemu nyingi huegemea zaidi kiini kimoja au viwili. Hivyo vikijaa, wastani wa vyote bado utaonekana mdogo.

Kinachonikera kwenye orodha yako ni hicho kijiti kimoja. Ryzen yako ina njia mbili za kuifikia RAM. Kwa kijiti kimoja unatumia moja, yaani nusu ya upana. Halafu ingia BIOS, programu ya msingi ya madabodi, uangalie kasi ya RAM. RAM ya 3200 isipowashiwa XMP, mpangilio wa BIOS unaoipa kasi yake kamili, hukimbia kwa 2133 au 2400, na wengi hukaa hivyo miaka bila kujua. Ryzen za kizazi hicho huumia zaidi kwa sababu mawasiliano ya ndani ya prosesa yenyewe hufungamana na kasi ya RAM. Tafuta kijiti cha pili kinachofanana na ulichonacho, viweke kwenye tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, washa XMP, kisha pima upya. Hiyo mishuko ya 60 ndiyo natarajia ipungue kwanza.

Isipotosha, badilisha prosesa na uache madabodi ilipo. B450 hupokea prosesa za mfululizo wa Ryzen 5000 baada ya kusasisha BIOS. Ryzen 5 5600 ni hatua nzuri ya bei ya kawaida. Ukiipata 5700X3D, hiyo ni bora zaidi kwa mchezo wako: ina kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya ngazi ya tatu ya MB 96, yako ina 32, na Counter-Strike hunufaika sana na kashe kubwa. Ila haiji na kipoza joto, na kile kidogo kilichokuja na 3600 hakiitoshi. Wakati wa kusasisha BIOS tafadhali tumia UPS. Umeme ukikatika katikati, madabodi inaweza isiwake tena.

Kadi mpya nayo ina siku yake. Ukianza kucheza gemu nzito kama Cyberpunk 2077, hiyo GTX 1060 ya mwaka 2016 itaelemewa kweli. Hata hapo nisingekimbilia RTX 5060. Ina kumbukumbu ya GB 8, na hutumia njia 8 tu za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na madabodi. B450 ni PCIe 3.0, toleo la zamani lenye kasi ndogo, kwa hiyo kumbukumbu ya kadi ikijaa, data itapita kwenye mlango mwembamba na gemu itakwamakwama. RX 9060 XT ya GB 16 hutumia njia zote 16. Kwa madabodi yako ningechagua hiyo. Zile fremu za kubuniwa zinazotangazwa na RTX 5060, ambazo kadi huzitengeneza yenyewe kati ya fremu halisi, zisikuvute: hupandisha namba, lakini huongeza ucheleweshaji kati ya kidole na skrini, jambo ambalo mpiga shabaha halitaki.

Kagua pia kama Windows imeiweka skrini kwenye 165Hz, maana mara nyingi hubaki 60, na tumia waya wa DisplayPort.

Pawasaplai bado inanitia shaka. Namba 500 iliyoandikwa kwa herufi kubwa hainiambii kitu. Soma kibandiko, tafuta mstari wa 12V, zidisha ampea zake kwa 12. Ukipata chini ya wati 400, au ukikosa waya wa pini 8 wa kadi, anza kwa kuibadilisha hiyo kabla ya kufikiria kadi yoyote. Nitumie picha ya hicho kibandiko pamoja na matokeo ya jaribio la resolusheni.