Maharagwe ya Nyeri

Swali lenu la wiki ni hili: kijana anapata nini akijiunga na kundi la skauti la mtaani kwao? Najua wengi watawajibu nidhamu, na wengine wataongeza uzalendo. Mimi nawajibu maharagwe.

Mimi ni fundi wa mafriji hapa Mombasa, mtoto wa Majengo, na kwetu mimi ndiye kitinda mimba. Anayejua nyumba za pwani anaelewa maana yake. Nikiamka, chai iko mezani. Nikipoteza kiatu, dada anakitafuta. Mpaka natimiza miaka 13 sikuwa nimeulizwa jambo lolote ambalo jibu langu lingembadilishia mtu kitu.

Mwaka ule, Februari 1999, kundi letu lilipanda basi kwenda Nyeri. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alizaliwa Februari 22, na maskauti wa Kenya huadhimisha siku hiyo kwenye kaburi lake, kwani uzee wake aliumalizia Nyeri na akafia huko Januari 1941. Sisi tulichokijua kuhusu Nyeri ni baridi, nayo tulikuwa tumeisikia tu. Kuna mwenzetu mmoja wa Kisauni, mdogo kuliko wote, aliyekuja na shuka na kofia ya kiua. Sweta hana.

Patroli yetu iliitwa Kozi, watu saba, na kiongozi ni mimi. Kwa asiyejua, kambi ya kwanza ya skauti ilifanyika mwaka 1907 kisiwani Brownsea, Uingereza. Mzee Baden-Powell alichukua wavulana 20 hivi, akawagawa patroli 4, kila moja ikiongozwa na mmoja wao. Kwangu mimi, skauti yenyewe ndiyo hiyo. Mafundo ya kamba, skafu na filimbi ni vya kunogesha. Kila patroli ina hema lake, mafiga yake na chakula chake, na mkilala njaa mmejilaza wenyewe.

Basi, saa kumi jioni nikateleka maharagwe. Sikuyaroweka, kwa sababu nyumbani sikuwahi kuona yakirowekwa. Nilikuwa nayaona sahanini tu, yameshatiwa nazi. Saa mbili usiku bado changarawe. Saa tatu, ukilibana moja linakuruka. Wa Kisauni ameanza kutetemeka meno yakigongana, wawili wananuniana kuhusu nani alete kuni, na wote wananiangalia mimi. Nikageuka nyuma kutafuta mkubwa wa kumwangalia. Hakuna. Ikabidi niseme neno: wewe na wewe leteni kuni, wewe koroga sima, na huyu mdogo aingie katikati ya wanene wetu wawili, blanketi moja watu watatu. Sweta langu nikampa. Nisijisifu, nililivua nikilijutia.

Mwalimu wetu wa skauti akaja na sahani yake. Akaketi juu ya jiwe, akapakuliwa, akala. Tulikuwa tunamsikia akitafuna, kru, kru, mpaka ya mwisho. Hakutufundisha wala hakutukemea. Alisema, "Chumvi imekaa sawa," akaenda zake. Kesho yake asubuhi akauliza swali moja tu: "Leo mnaanza saa ngapi?" Tulikuwa tumeshayaroweka tangu usiku.

Miaka baadaye, chuoni, tulipofundishwa kuwa shinikizo la hewa likipungua maji huchemka mapema, nilicheka peke yangu darasani. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na maji huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagwe huchelewa kuiva. Kumbe kosa halikuwa langu lote.

Kaburini pale kuna alama ya duara lenye nukta katikati. Ni katika alama za njia ambazo maskauti huachiana wakifuatana porini, na maana yake ni "nimerudi nyumbani". Aliyeitambua kwanza katika patroli yetu ni yule wa Kisauni. Nilimfundisha mimi, kwa kijiti, kwenye mchanga wa ufuoni. Alipoisema kwa sauti, wakubwa wakageuka kumtazama, mimi nikaona kama nimetazamwa mimi.

Wazazi wenzangu wana hofu zao, na baadhi ni za kweli. Sare ni ghali. Tena yako makundi ambayo kazi yake ni kupanga watoto juani wampigie saluti mgeni rasmi aliyechelewa saa tatu, kisha kila mtu kwake. Huko mtoto hapati kitu ila kichwa kumuuma. Kabla hujalipa ada, muulize kiongozi mara ya mwisho watoto wamelala nje lini, na nani alipika. Akijibu kwamba waliajiri mpishi, mshukuru uondoke.

Hofu ya bibi yangu, Mungu amrehemu, ilikuwa nyingine. Maskauti husalimiana kwa mkono wa kushoto, na siku nilipojisahau nikampa yeye wa kushoto, nilipigwa kibao cha kulia.

Sasa, katika ngazi za skauti, binti yangu ni Chipukizi, ametoka Sungura, na mbele yake kuna Mwamba na Jasiri akitaka kuendelea. Mwezi uliopita walikwenda kambi Kilifi. Nilimuuliza kama wameroweka maharagwe, akaniambia, "Baba, sisi tunapika ndengu." Amerudi na sufuria ya mamake imeungua chini, nyeusi tii, na hajasema ni nani aliyeiacha motoni. Nilipombana akanijibu, "Kiongozi wa patroli ni mimi," akachukua steelwool akaenda uani.