Rasiberi za njano: Tanga mjini sahau, Lushoto zinazaa ila kazi iko kwenye kukata

Mkuu umeuliza kama zile rasiberi za njano, zile zinazozaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, zinaweza kukubali uani kwako hapo Chumbageni, na dada mmoja wa Bagamoyo naye kadakia kwamba anataka kupanda za kwenye ndoo barazani. Nawajibu wote kwa mpigo maana ninazo, ila haziko Tanga mjini, ziko Lushoto kwa bi mkubwa, juu kidogo ukielekea Magamba, mimi naishi huku mjini napanda na kushuka. Kwahiyo joto la huku nalijua na baridi ya kule naijua.

Kwa pwani jibu ni hapana. Siyo kwamba mche utakufa siku hiyo hiyo, hapana, utaota, utatoa majani, utafurahi utapiga na picha, afu ikifika Januari Februari pembeni ya majani panaanza kuungua, machipukizi yanatoka membamba kama yanaomba msamaha, na ukibahatika kupata tunda linakuwa la punje tatu nne zilizopauka upande wa jua. Huu mmea kwao ni nchi za baridi. Mchana wa nyuzi 25 hauna shida nao ila 32 na unyevu wa bahari, na usiku usiopoa, hapo unapumua tu haujengi kitu. Mizizi yake nayo inakaa juu juu kwenye udongo, sasa uiweke kwenye ndoo nyeusi juani Bagamoyo ni kuichemsha. Na dada yangu angalia maji yako pia, visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi na rasiberi haipatani na chumvi kabisa, majani yanakauka kuanzia pembeni mtu anadhani ni kiu anaongeza maji yale yale.

Lushoto ni habari nyingine. Mji wenyewe uko kama mita 1,400 juu ya bahari, Julai usiku unatafuta sweta la pili, plamsi na peasi zinazaa kule miaka yote. Lakini hata Lushoto siyo kila rasiberi itakupa kitu na hapa ndo watu wengi wanapopotezwa na video za Wazungu.

Ziko za aina mbili. Kuna zile ambazo ufito, yani shina lake jembamba, unaota mwaka huu, unalala kipindi cha baridi, mwaka unaofuata ndo unazaa kisha unakufa. Hizo zinataka mamia ya saa za baridi chini ya nyuzi 7 hivi ndo vijicho viamke vizuri, na baridi ya hivyo Lushoto hamna, tukubali tu. Utakaa na kichaka cha majani mpaka uchoke. Aina ya pili ndo hizi unazoulizia, ufito unazaa mwaka ule ule ulioota, unaanzia maua kwenye ncha unashuka nayo chini, hausubiri kulazwa na baridi. Kwa nchi kama yetu nunua hizi za pili au acha kabisa. Mexico wanazilima kibiashara nyanda za juu kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa za njano majina utakayokutana nayo sana ni Fallgold, ilitoka New Hampshire Marekani mwaka 1967, na Anne ya Maryland iliyotoka 1998, na Allgold ambayo ni ile aina nyekundu inayoitwa Autumn Bliss iliyojigeuza rangi. Kimsingi rasiberi ya njano ni nyekundu iliyopoteza uwezo wa kutengeneza ile rangi nyekundu, mengine yote ni yale yale, kilimo ni kile kile. Utamu ndo tofauti, za njano ukali wake mdogo, mtoto anakula bila kukunja uso. Yangu ni Anne. Tunda kubwa, tamu sana, tatizo lake inatoa machipukizi kidogo kwahiyo kuijaza tuta inataka uvumilivu, wenye Fallgold wao wanalia kinyume chake kwamba inawavamia mpaka njiani, na tunda lake laini mno.

Sasa kukata. Ulaya wanakata fito zote mpaka chini mwisho wa baridi, yani Februari au Machi, mmea unaanza upya. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza, usipoukata unakuwa na fito za kila umri kwa pamoja, ncha hii imezaa imekauka, ile inachanua, hii inaota, kichaka kinajifunga, hewa haipiti na ukungu unahamia humo. Matunda unapata, ndiyo, lakini mawili leo matatu kesho kutwa, huwezi hata kujaza kikombe. Kwahiyo mwenye shamba unaamua wewe msimu uanze lini, na unaamua kwa mkasi.

Mimi nahesabu kurudi nyuma kutoka kwenye mvua. Tunda la rasiberi likiiva kwenye masika linaoza kwa ukungu wa kijivu kabla hujaliona, kwahiyo Aprili na Mei sitaki tunda juu ya mti. Toka nikate chini mpaka kuanza kuchuma ni kama miezi mitano hadi sita kwa baridi ya kule. Nikikata Februari katikati, machipukizi mapya yanakuta masika yanakunywa maji ya bure, yanarefuka, Juni yanakaza, na kuanzia Julai mwishoni hadi Septemba nachuma kwenye kiangazi kikavu chenye baridi, ambapo tunda linaiva taratibu na sukari inakaa. Hayo ndo matunda bora kuliko yote. Nusu nyingine ya tuta naikata Septemba ikute vuli, inanipa Februari kuelekea Machi, matunda ya huo msimu ni madogo kidogo na jua linayapiga lakini ni matunda. Kwa hiyo tuta moja nusu mbili, na kila nusu inakatwa mara moja tu kwa mwaka.

Kuna wanaokata ncha tu iliyozaa wanaacha ufito uzae tena chini. Inawezekana, huko kwao ndo namna ya kupata mavuno mawili, ila bila baridi ya kutosha vijicho vya chini vinaamka kwa kubahatisha, kimoja leo kingine mwezi ujao. Nimeona mimi sioni faida, nakata chini yote, sentimita tano juu ya udongo, mabaki natoa nje ya shamba nachoma. Usiogope kukata. Bi mkubwa mara ya kwanza aliponiona na mkasi alidhani nimegombana na mtu.

Udongo sitakaa sana hapo. Unataka uchachu kidogo, pH 5.5 mpaka 6.5, na udongo mwekundu wa kule mwingi uko karibu na hapo kwahiyo usimwage majivu ya jikoni kama unavyofanya kwenye mboga. Samadi iwe imeoza sawasawa, ya mbuzi au ng'ombe, inapigwa mara tu ukishakata na nyingine kidogo fito zikifika magotini. Maji yasituame, hilo halina mjadala, mizizi ikikaa kwenye tope inaoza na mti unanyauka wakati udongo umelowa, ndo maana napanda juu ya tuta lililoinuliwa hata kama shamba lina mteremko. Mche na mche nusu mita na ushee, mstari na mstari mita mbili, mwanzoni utaona unapoteza nafasi. Matandazo mazito ya nyasi kavu, kwa sababu ya ile mizizi ya juu juu, na jembe lisikaribie, magugu ng'oa kwa mkono.

Kitu ambacho watu wa Lushoto hasa wanapaswa kukisikia: usipande mahali palipotoka nyanya, viazi mviringo, biringanya au pilipili. Kuna ugonjwa wa mnyauko unakaa kwenye udongo miaka kadhaa, nyanya inaustahimili kiasi lakini rasiberi unaiondoa. Na Lushoto nitajie shamba ambalo halijalimwa nyanya wala viazi! Mimi niliishia kupaweka palipokuwa na majani ya ng'ombe. Kama huna sehemu ya hivyo angalau pawe na mahindi au kabichi miaka mitatu minne kabla.

Nguzo mbili mwisho wa tuta na waya mbili, mmoja usawa wa paja mwingine kifuani, fito zisilale. Acha fito kama kumi hivi kwa kila mita ya tuta, nyingine zing'oe zikiwa changa, hizo ndo miche ya kumpa jirani. Mti hauhitaji mwenzake kuchavusha, unajitosheleza, ila nyuki wakiwepo tunda linajaa vizuri, ukinyunyizia dawa wakati wa maua utapata matunda yanayosambaratika mkononi.

Ndege. Utasoma mahali kwamba za njano ndege hawazioni kwa sababu wanatafuta nyekundu. Ni kweli, mwanzoni. Shore walichelewa kugundua lakini walivyogundua waligundua, na kuzumburu ndo usiseme, hao wanakuja ukoo mzima. Weka wavu. Watoto wa jirani ndo bado wanaamini ni mabichi na mimi sijawasahihisha.

Kuchuma ndo mtihani wa rangi hii maana huna wekundu wa kukuongoza. Linatoka kijani linaenda njano hafifu, hapo bado, linaingia dhahabu na saa nyingine linakuwa na wekundu wa mbali, hapo lishike kwa vidole vitatu ulivute kidogo. Likiiva linachomoka lenyewe linaacha kikonyo cheupe mtini na tunda linabaki na tundu katikati. Likikataa liache, kwa sababu ukishalichuma haliivi tena. Chuma asubuhi umande ukishakauka, kila baada ya siku moja, kwenye vyombo vifupi, tabaka mbili basi. Kufika nazo Tanga ni kazi, unatoka Lushoto baridi safi, ukiteremka Soni bado mko pamoja, ukigusa Mombo lile joto linakupokea na mpaka Korogwe tabaka la chini limeshakuwa sharubati. Siku hizi nashusha zilizogandishwa tu kwenye boksi la barafu, mbichi tunazila hukohuko. Jamu yake tamu ila usitegemee ibaki ya njano, inaenda kwenye kahawia ya asali.

Miche. Hapa kuweni makini. Kuna watu mtandaoni wanauza pakiti za mbegu za rasiberi za njano, nyekundu, nyeusi na mpaka buluu kama wino. Ya buluu hakuna duniani, ukiiona kwenye pakiti ujue na zilizobaki ni za mwenye kuchora yule yule. Hata mbegu ikiwa ya kweli haitakupa mama yake, Anne inaendelea kwa chipukizi lenye mzizi siyo kwa mbegu. Na kuleta miche kutoka nje kwenye begi bila kibali cha TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, msijaribu, mtaingiza ugonjwa kwenye milima ambayo watu wanaishi kwa kilimo.

La pili hapo hapo, kuna mmea mwingine unauzwa kama rasiberi ya njano na unastahimili joto kuliko hii, kitaalamu Rubus ellipticus, asili yake Himalaya. Shina lake lina manyoya mekundu mekundu pamoja na miiba, majani matatu ya mviringo, wakati hii ya bustani jani lina ncha na chini ni jeupe. Ile tunda lake linalika vizuri tu, shida ni kwamba upo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, Hawaii umeingia msituni hautoki. Usambara tuna mimea isiyopatikana pengine popote na tulishaona kule Amani, Usambara Mashariki, miti ya Maesopsis iliyoletwa kupandwa ikasambaa yenyewe mpaka ndani ya msitu. Ukipewa huo mche kataa, hata kama ni wa bure.

Sasa nyie wa pwani msiondoke mikono mitupu. Pandeni mforosadi. Najua siyo ulichouliza mkuu, lakini unataka tunda laini tamu la kuchuma uani asubuhi, si ndiyo? Unakata kijiti kinene kama kidole gumba, unakichomeka kwenye mchanga wenye mboji kivulini, unamwagia, kinashika. Unavumilia joto la Tanga, kwenye pipa kubwa unakaa, na ukiona umepunguza kuzaa pogoa matawi na upukutishe majani yote, unachipua upya na matunda juu. Upandwe mbali na kamba ya kuanikia nguo, madoa yake hayatoki. Dada wa Bagamoyo kwa ndoo ya lita 20 utaanza vizuri ila baada ya muda utahitaji pipa, na hayo maji ya kisima yaonje kwanza, yakiwa na chumvi kinga ya mvua.