Mgeni wa Mbeya, kwanza ujue uko mita ngapi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: mtu aliyehamia Mbeya kutoka nje ya nchi aanzie wapi ili azoee chakula, desturi na ufuko wa ziwa? Mimi nasema aanzie kwenye mwinuko. Uwanda wa Kitulo uko zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, jiji la Mbeya karibu 1,700, Tukuyu kama 1,500, na mchanga wa Matema kwenye Ziwa Nyasa haufiki 500. Mgeni huambiwa tu kwamba Mbeya ni baridi na Kyela, wilaya yenye Matema, ni joto, mazungumzo yakaishia hapo. Kumbe tofauti hiyo ndiyo inayoamua maharage yaive baada ya muda gani, abebe nguo gani na homa ikimpata amweleze nini daktari.

Tuanze jikoni, maana huko ndiko wengi hukwama wiki ya kwanza. Mjini Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, siyo 100. Mtu aliyezoea kupika pwani au kwenye nchi tambarare anaona maharage hayalainiki, anaongeza moto. Haisaidii: maji hayapandi joto zaidi ya hapo, yanakauka tu na gesi inaisha. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, kisha pika kwa sufuria ya presha. Kama huna, funika vizuri na uongeze maji ya moto kidogo kidogo, usiongeze ya baridi. Nyanya zingoje hadi maharage yameiva kabisa, kwa sababu uchachu wake huzuia ganda kulainika. Muuzaji naye umuulize kama ni ya msimu huu. Maharage yaliyokaa stoo mwaka mzima hubaki magumu hata ukiyapika mchana kutwa.

Mchele wa Kyela una harufu yake, ndiyo maana huchanganywa na mchele mwingine na kuuzwa kwa jina lilelile. Chukua konzi, fikicha viganjani, upulizie pumzi ya joto, kisha unuse. Njia ya uhakika zaidi ni kununua robo kilo, ukapike, ndipo urudi kuchukua kilo 20. Mavuno ya Kyela huwa katikati ya mwaka, na mchele mpya bado una unyevu: kikombe kimoja cha mchele kinatoshwa na maji kikombe kimoja na nusu. Uliokaa miezi mingi unataka karibu vikombe viwili. Wageni wengi hutumia kipimo kimoja mwaka mzima, mwezi wa saba wanapata bokoboko wanaulaumu mchele. Maji yakishakauka juu, punguza moto, funika, weka makaa machache juu ya mfuniko kwa dakika 15 au 20.

Ndizi za Tukuyu zinazopikwa mbichi zina utomvu unaotia mikono na nguo madoa meusi yasiyotoka. Paka mikono mafuta kabla ya kumenya, au menyea ndani ya beseni la maji, na uziache humo hadi sufuria iwe tayari ili zisigeuke rangi. Zikichemshwa na nyama, nyama itangulie hadi iwe karibu kuiva. Ndizi zikianza pamoja nayo, zitapondeka nyama ikiwa bado ngumu.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili linaua. Juni na Julai usiku wa Mbeya ni wa baridi kali, na nyumba nyingi hazina kipasha joto. Mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha, analala. Mkaa, hata ukiwa umeshika vizuri na hautoi moshi, hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushika damu mahali pa oksijeni, na aliyelala hapati dalili ya kumwamsha. Jiko la mkaa liotee nje tu, usiliingize chumbani wala sebuleni hata milango ikiwa wazi. Nunua mablanketi mawili mazito na chupa ya mpira ya maji ya moto. Gharama yake ni ndogo.

Kwenye vinywaji, upande wa Iringa na Njombe kuna ulanzi, utomvu wa mianzi unaogemwa wakati wa mvua. Ule uliotoka kugemwa, mtogwa, ni mtamu na mwepesi. Ukikaa, unakuwa mkangafu, na mgeni anayekunywa huo kwa kipimo cha mtogwa hainuki alipokaa. Uliza umegemwa lini. Ukiununua wa kuchukua, usikaze kifuniko cha chupa: bado unachacha, na gesi yake hupasua chupa ndani ya gari.

Sasa desturi. Salamu hairukwi hata ukiwa na haraka kiasi gani. Shikamoo kwa aliyekuzidi umri, kwanza, kabla ya kuuliza bei au njia. Rungwe na Kyela ukisema "ugonile" kwa mmoja au "mugonile" kwa mtu wa heshima, na "ndaga fijo" unaposhukuru, uso wa mwenyeji unafunguka. Iringa ni "kamwene". Kitu kipokee kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukigusa kigasha. Kwenye familia za Kinyakyusa zinazoshika mila, mke hakai chumba kimoja na baba mkwe wake wala hakutani naye uso kwa uso. Ukimwona mama anakatisha njia ghafla na kupita nyuma ya nyumba mzee anapokuja, hakuna ugomvi. Usimwite arudi, na ukialika familia nzima kwako, muulize kwanza mwenyeji namna ya kuwapanga.

Lakini kama mgeni ana nafasi ya kujifunza desturi moja tu, iwe msiba. Harusi unaalikwa, msiba unakwenda bila kualikwa, na jirani asiyeonekana msibani hukumbukwa kwa muda mrefu. Wanaume hukaa nje kwenye mabenchi, wanawake huingia ndani kukaa chini na wafiwa, wakiwa wamejifunga khanga au kitenge. Rambirambi hupelekwa mezani kwa mwandishi mwenye daftari, na jina lako huandikwa pamoja na kiasi. Kiasi kidogo si aibu. Kilo mbili za mchele, sukari au mzigo wa kuni vinapokelewa vilevile. Usiondoke mara jeneza linaposhuka. Subiri neno la shukrani na matangazo, na ukipewa sahani, kula hata matonge mawili.

Kuhusu ufuko: barabara inaachana na ile ya Dar es Salaam pale Uyole, inapanda hadi Isyonje kwenye ukungu, inashuka Kiwira na Tukuyu, kisha unageukia Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema. Sweta unayoihitaji Isyonje saa mbili asubuhi utaivua Ipinda. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Machi na Aprili ndiyo miezi mibaya kwa safari hii. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua ni chache, ila upepo wa kusini, mwera, huinua mawimbi makubwa. Mtumbwi wa kwenda kijiji cha Ikombe panda asubuhi, na mvuvi akisema leo hapana, usimwongezee pesa.

Ogelea kwenye mchanga ulio wazi wenye mawimbi, mbali na matete na mbali kabisa na mdomo wa Mto Lufilyo. Kuna sababu mbili. Mamba hukaa mdomoni mwa mto, na konokono wanaobeba kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kati ya saa nne na saa nane mchana. Kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea.

Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kamili samaki hawakusanyiki kwenye mwanga na bei hupanda. Nunua siku za giza, mwezi usipoonekana, na uchague waliokaushwa kwenye chanja, maana walioanikwa mchangani watakusaga meno. Jumamosi kuna soko Lyulilo, karibu na Matema, ambako akina mama wa Kikisi huuza vyungu. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kizima hulia, chenye ufa husikika butu. Nyumbani kilowekwe usiku mzima, kisha kichemshiwe uji mwepesi kwa moto mdogo ili vitundu vizibe. Maji baridi kwenye chungu cha moto hukipasua siku hiyohiyo.

Ukirudi Mbeya mjini, kumbuka umetoka kwenye malaria. Dalili huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati umeshasahau safari, na mjini homa hudhaniwa mafua ya baridi. Mwambie daktari neno moja, Kyela, na uombe kipimo siku hiyo. Kichocho nacho pima baada ya wiki sita hadi nane, hata bila dalili. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, siyo michanga, kwa hiyo ukiimeza siku unayotoka ziwani umeipoteza bure.