Maswali yenu kuhusu kelele za mwanga: mbona haziishi?

Tangu niwagusie LIGO, kile kipimo cha kule Marekani kinachotumia leza na vioo kunasa mawimbi ya mvutano (mitetemo midogo ya anga lenyewe), maswali yamemiminika kuhusu kelele za mwanga, yaani kule kuyumba kwa mwanga kunakovuruga kipimo. Nachukua manne.

Mkuu, nikipata leza kali na sensa ya bei mbaya, kelele si zinaisha?

Haziishi. Hata leza isiyo na dosari inatoa fotoni, yaani chembe za mwanga, bila mpangilio, mara zimezidi kidogo mara zimepungua, na huo sio ubovu wa kifaa, ndo mwanga wenyewe ulivyo. Ukitegemea fotoni 10,000 hesabu inayumba kama 100 hivi, yaani asilimia 1. Zikiwa milioni inayumba 1,000, asilimia 0.1. Umeona eh, mwanga umeongeza mara 100 ila usahihi umepanda mara 10 tu.

Basi si tuongeze mwanga mpaka basi?

Wameongeza sana, ila kuna bei yake. Vioo vya LIGO vina kilo 40 kila kimoja, vinaning'inia kwenye nyuzi za glasi, na fotoni zikivigonga zinavisukuma, sasa kwa vile zinafika ovyo ovyo kioo nacho kinacheza. Kwahiyo ukizidisha nguvu unatuliza kelele za masafa ya juu (mitetemo ya haraka) halafu unaongeza za masafa ya chini (mitetemo ya polepole). Mimi hapa ndo huwa nawavulia kofia, mwaka 2020 walionyesha kabisa kwamba kelele za kwanta, yaani huko kuyumba kwa asili kwa mwanga, zinasogeza vioo vizito namna hiyo.

Huo "mwanga uliobanwa" wanaosema unapunguza kelele si kiini macho tu? Heisenberg, yule mwanafizikia wa kanuni ya kutokuwa na uhakika, alishakataza.

Heisenberg amekataza kupunguza pande zote mbili za kuyumba kwa mwanga (ukubwa wa wimbi na awamu yake) kwa pamoja, kuhamisha hajakataza. Unabana upande unaoupima, ule mwingine unavimba, shauri yake. Mwanafizikia Carlton Caves mwaka 1981 alionyesha kelele zinapenya kupitia mlango wa kutokea wa kipimo, ule ambao hauna mwanga wowote, maana hata ombwe tupu, yaani mahali pasipo na kitu, linatetema. Dawa ni kuingiza hapo ombwe lililobanwa. Maabara ya Bell Labs ya Marekani walifanikiwa kubana mwanga 1985, GEO600, kipimo cha aina ya LIGO kilichoko Ujerumani, wakaanza kuutumia 2010, LIGO wakaufanya wa kila siku 2019.

Niko chuo, maabara yetu ya kawaida tu. Naweza kuziona hizi kelele?

Za kuhesabu fotoni unaziona bila shida. Chukua balbu ya tochi ya betri, fotodayodi (kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme) na amplifaya tulivu. Ongeza mwanga mara mbili: nguvu ya kelele ikipanda mara mbili ndo zenyewe, ikipanda mara nne chanzo chako cha mwanga ndo kinayumba. Kubana sasa ni habari nyingine, dada yangu, kwasababu kila fotoni inayopotea njiani nafasi yake inachukuliwa na ombwe la kawaida, yaani ukipoteza nusu ya mwanga, hata ungebana vipi, nguvu ya kelele haishuki chini ya nusu ya ile ya mwanga usiobanwa. Anza kwa kufuta vumbi kwenye lenzi.