"Vérifiez vos informations": mteja amekasirikia nini?

SWALI: Nafanya kazi kwa wakala wa forodha Dar es Salaam. Mizigo yetu mingi inaelekea Lubumbashi, Kongo, na kabla ya kuandaa nyaraka lazima tuhakiki taarifa binafsi za mteja. Juzi nilimwandikia mmoja kwa Kifaransa: "Vérifiez vos informations personnelles", yaani "Hakikini taarifa zenu binafsi." Akajibu kwa ukali kwamba yeye si wa kuamrishwa, tena hatoi siri zake kwa matapeli. Nimekosea wapi?

JIBU: Sarufi yako ni safi, ndugu yangu. Lakini "vérifiez" ikisimama peke yake ni amri, na ujumbe mkavu usiotaja sababu wala mzigo unafanana mno na ule wa matapeli. Mimi pia ningesita kuujibu.

Shida kubwa zaidi ni neno letu "kuhakiki", ambalo linabeba kazi mbili. Ukitaka mteja akague ulichoandika, mwonyeshe halafu mwombe: "Bonjour Monsieur. Avant d'établir les documents de votre conteneur, pourriez-vous vérifier que les informations ci-dessous sont exactes ?" Hiyo "pourriez-vous" ndiyo "tafadhali, ungeweza". Kwenye fomu, "veuillez vérifier" inatosha. Kama ni simu, barua pepe na anwani tu, sema "vos coordonnées".

Ukitaka kujua kama anayeongea ndiye mwenye mzigo, hapo usimsomee chochote. Ukimuuliza "vous êtes né le 12 mai ?" (ulizaliwa tarehe 12 Mei?), hata tapeli atajibu "oui". Mwache ataje mwenyewe: "Pour des raisons de sécurité, pourriez-vous m'indiquer votre nom complet et votre date de naissance ?" Yaani, kwa sababu za usalama, akupe jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa. Na usiite zoezi hilo "contrôle d'identité", hayo ni maneno ya polisi barabarani.

Majina ya Wakongo nayo yana mtego wake. Hati zao zina nom, postnom na prénom. Postnom, jina linalofuata nom, ilishika mizizi baada ya Mobutu kupiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972. Prénom ndiyo John au Marie wetu. Ukiuliza "votre nom ?" tu, unaweza kupewa moja kati ya matatu, halafu nyaraka zikapishana na pasipoti, na hapo mzigo unalala. Uliza yote matatu, kisha omba: "Pourriez-vous l'épeler, s'il vous plaît ?"

Akianza kutaja herufi, kaa macho. G kwa Kifaransa inasikika karibu na "je" na J karibu na "ji", kinyume kabisa na tulivyozoeshwa kwenye Kiingereza. Nimeshaona Ngoy akigeuka Njoy kwenye karatasi. Tarakimu pia: Mkongo husema "septante" kwa 70 na "nonante" kwa 90, lakini mteja wa Abidjan atakuambia "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix". Kwenye barua pepe, "arobase" ni @, "tiret" ni kistari cha kati na "tiret bas" ni kile cha chini.

Mtu wa Lubumbashi ukimpigia simu huenda akakugeuzia Kiswahili chake. Mfuate huko huko, ila herufi za jina mrudie kwa Kifaransa, maana ndivyo alivyofundishwa kuzitaja shuleni.