Jibu: Bafu linanuka hata baada ya kusafishwa

Ndugu, umesema unasugua sakafu kwa sabuni kila siku na bado bafu linanuka. Mimi ningeanza na tundu la kutolea maji, sio sakafu. Inua kile kichujio, toa nywele na utelezi uliojikusanya chini yake. Vaa glavu, maana kinachotoka humo hakipendezi hata kidogo! Kama bafu lenyewe halitumiki mara kwa mara, mwaga ndoo ya maji humo. Chini ya tundu kuna bomba lililopinda ambalo hushika maji ili harufu ya mtaro isipande. Maji hayo yakikauka, harufu haina kizuizi.

Ule weupe uliosema uko kwenye bomba la kufungulia maji na shawa ni chokaa ya maji. Lowesha kitambaa kwa siki, kizungushie, subiri nusu saa, kisha sugua. Ila siki na dawa ya klorini visikutane kamwe, vinatoa gesi ya sumu.

Na zile chupa za sabuni na shampuu ulizosema zimejaa bafuni, zote za nini? Acha bafuni mnazotumia sasa tu, nyingine kabatini. Na mkimaliza kuoga fungueni dirisha, ukungu unafuata unyevu.