Shangazi, mwenzangu wa chumba anataka pesa ili asinitoboe siri

Shikamoo shangazi. Nina miaka 21 na niko mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Tangu sekondari nimejua kwamba moyo wangu huwapenda wasichana, na tangu mwaka jana nina mpenzi anayesoma chuo kingine. Majuzi mwenzangu wa chumba alichukua simu yangu nikiwa bafuni, akapiga picha jumbe zetu na picha zetu mbili za faragha. Nimeshamtumia Sh1,500 mara mbili ili anyamaze. Sasa anataka Sh3,000, la sivyo atampelekea babangu, ambaye ni mzee wa kanisa na ndiye anayenilipia karo. Mama nahisi anashuku kitambo. Ninaimba katika kwaya ya CU, ule umoja wa wanafunzi Wakristo chuoni, na sina hata mmoja wa kumwambia. Je, chuoni kuna mahali naweza kwenda bila kufukuzwa? Na je, niwahi kuwaambia wazazi kabla yake?
Mwenye Hofu, Nairobi

Marahaba mwanangu. Nimebadilisha vitu viwili vitatu katika barua yako ili huyo mwenzako asijitambue akiisoma, na nakujibu kwa urefu kuliko kawaida yangu. Kuna wasomaji watakaonuna. Waniandikie wao pia, sanduku langu halijawahi kujaa.

Usimtumie tena hata shilingi. Najua Sh3,000 inaonekana nyepesi ukiilinganisha na uso wa baba, lakini wewe mwenyewe umeona bei ilivyopanda. Ukilipa hiyo, ijayo itakuwa karo. Wala usimtukane, usimtishe, usimlilie. Akikusukuma, mwambie bado hujapata pesa, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili si uongo. Unachotafuta hapo ni siku chache za kupumua.

Siku hizo zitumie vizuri. Usifute chochote. Zile jumbe za M-Pesa ulizobaki nazo zina jina lake, kiasi, tarehe, saa na nambari ya muamala, na ukiziweka kando ya jumbe zake za kukudai, kisa kinajieleza chenyewe. Nakili zote uzihifadhi nje ya simu hiyo. Kisha badilisha nambari ya siri, zima zile arifa zinazoonyesha maneno simu ikiwa imefungwa, na uingie WhatsApp uangalie vifaa vilivyounganishwa na akaunti yako. Aliyeshika simu yako dakika tano anaweza kuwa bado anasoma kutoka kwenye kompyuta yake.

Na mpenzi wako je? Katika barua nzima hukusema kama anajua. Picha ni zake pia, mwambie leo.

Anachotishia kukifanya mwenzako ni kosa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 37, inamwadhibu anayesambaza picha za faragha za mtu mwingine kwa faini isiyozidi Sh200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Ila usikimbilie kituo cha polisi peke yako, maana unaweza kuingia kama mlalamishi ukageuzwa mshukiwa. Nenda na wakili.

Wakili utampata kupitia shirika linaloitwa National Gay and Lesbian Human Rights Commission, NGLHRC kwa kifupi, ambalo kazi yake ni kuwasaidia kisheria watu walio katika hali kama yako. Hawa ndio walioishtaki serikali ilipokataa kulisajili shirika lao, na mnamo Februari 24, 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba kuwanyima usajili kulikuwa kinyume cha Katiba. Majaji wale walisema pia kwamba Katiba inapokataza ubaguzi kwa msingi wa jinsia, katazo hilo linajumuisha mwelekeo wa kimapenzi. Waandikie kwa kutumia simu isiyopitia mikononi mwa mwenzako, ueleze kisa kwa mistari michache, uwaachie wao wakuambie mkutane wapi. Barua moja ya wakili humnyamazisha mtu wa aina hii kuliko pesa zako za mwaka mzima.

Hapa nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachokataza ngono "kinyume cha maumbile", kingalipo, na adhabu yake inafika miaka 14 gerezani. Majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kukifuta mnamo Mei 24, 2019. Lakini kinachoadhibiwa pale ni kitendo. Kupenda si kosa katika sheria ya Kenya, wala kuandikiana jumbe za mapenzi. Mwenzako anategemea usijue tofauti hiyo.

Sasa chuo. Soma zile kanuni za wanafunzi ulizotia saini siku ya kusajiliwa, ambazo nadhani hazijawahi kufunguliwa tangu siku hiyo. Mwanafunzi hafukuzwi kwa uvumi wa bwenini, anafukuzwa kwa kosa lililoandikwa, baada ya kusikizwa. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi endapo uamuzi utakuumiza. Ukiitwa na ofisi yoyote, uliza unaitiwa nini, nenda na mtu, na usitie saini karatasi siku hiyo hiyo hata wakikuharakisha.

Vyuo vyetu havina ofisi yenye bango la kuwakaribisha watu kama wewe. Kilichopo ni ofisi ya ushauri nasaha, na humo kuna watu wazuri sana na wengine ambao hawafai kuachiwa hata siri ya paka. Utawatambuaje? Usimwage mtama kwenye kuku wengi. Kikao cha kwanza zungumzia hofu, usingizi, mtihani, na huyo mwenzako anayekutoza pesa kwa siri aliyoipata kwenye simu yako. Huhitaji kusema siri yenyewe. Kisha muulize mambo matatu moja kwa moja: wewe ni mshauri uliyesomea kazi hiyo au mwalimu uliyepewa kiti? Faili yangu inakaa wapi, na nani mwingine ana ufunguo? Ni jambo gani litakalokulazimu kumwambia mtu mwingine? Mshauri wa kweli hujibu bila kukasirika, na atakuambia kwamba siri huvunjwa pale tu maisha ya mtu yakiwa hatarini. Akianza kukuuliza wewe ni wa kanisa gani, shukuru, beba mkoba wako, uondoke. Faili hiyo ina ulinzi wa kisheria pia, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inauhesabu mwelekeo wa kimapenzi wa mtu kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, pamoja na afya na imani yake.

Washauri rika, wale wanafunzi wenzenu wenye fulana, waachie maswali mengine. Si kwamba ni wabaya, ila mnakula meza moja.

Kuhama chumba ni rahisi kuliko unavyofikiri. Mwambie msimamizi wa bweni kwamba simu yako imechukuliwa bila ruhusa na hamwezi tena kukaa pamoja. Inatosha, na ni kweli.

Ukizidiwa usiku, hasa ukianza kufikiria kujidhuru, piga 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, au 1190 ya LVCT Health iliyowekwa kwa ajili ya vijana. Zote ni za bure, na hawakuulizi jina la baba.

Lakini wakili na mshauri hawaondoi upweke. Ulisema huna hata mmoja wa kumwambia, na hilo lilinigusa kuliko picha. Uliza katika GALCK+, muungano wa makundi ya wapenzi wa jinsia moja hapo Nairobi, ulioanzishwa mwaka 2006, wakuelekeze kwa makundi ya wanawake yaliyo ndani yake. Mtu akikualika kupitia programu za kutafuta wapenzi, hata akijiita dada, mkutane mchana, mahali penye watu, na mpenzi wako ajue ulipo. Utapeli wa kuwanasa vijana kisha kuwanyang'anya upo. Mjini Mombasa kuna PEMA Kenya, shirika jingine la watu kama wewe, ukiwa huko likizoni.

Kuhusu kwaya, sitakuambia uiache, kwani sauti ni yako na Mungu ni wako. Ila kuna atakayejitolea kukuombea mkeshani "utolewe" hali hiyo, huku akikushika kichwa mbele ya watu hamsini. Shirika la Afya Duniani liliyaondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya maradhi mwaka 1990, kwa hivyo usimruhusu yeyote akutibu usichougua. Nairobi kuna hata kanisa linalowapokea watu kama wewe, Cosmopolitan Affirming Church, ukitaka siku moja kuimba bila kuangalia mlango.

Swali lako la mwisho, kuhusu wazazi. Usiwahi kumwambia baba kwa sababu ya tarehe iliyowekwa na mtu anayekutoza pesa. Najua kuna washauri wanaosema toboa mwenyewe siri ili asiwe na cha kukutishia. Ushauri huo unamfaa mwenye mshahara na nyumba yake. Wewe chakula chako kinatoka kwa baba, na hasira ya mzee wa kanisa aliyeaibishwa haina breki.

Hata hivyo jiandae, kwa sababu mwenzako anaweza kutuma tu. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cheti cha KCSE vitoke nyumbani vikae Nairobi. Kama hujaomba mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, omba, maana unaandikwa kwa jina lako. Fikiria ni nani katika ukoo ambaye baba humsikiliza na ambaye wewe humwogopi, awe shangazi yako halisi au babu. Na simu ya baba ikija kwa ukali, usikane wala usikiri. Sema: "Baba, nimekusikia, nipe siku chache nitulie." Akikuamuru uje nyumbani leo hii, usiende peke yako, na usiende jioni.

Mama anayeshuku na kunyamaza ni habari tofauti kabisa. Inawezekana ananyamaza kwa hofu, au kwa sababu hajui aanzie wapi, na kutoka hapa siwezi kujua ni lipi. Ukishampata wakili na ukihama chumba, niandikie unieleze alisema nini hasa kikakufanya uhisi anashuku.